Nilivyokuwa Daktari wa Mawe Kizingitini

Tangu Jumapili nimekieleza kisa hiki mara sita. Mara mbili katika chumba cha walimu, mara tatu kwa jirani yangu Bi Rukia hapa Langoni, ambaye kila akipata mgeni huniita nianze upya, na mara moja kwa fundi aliyekuja kutengeneza mfereji. Fundi aliondoka akiamini kwamba nimeacha ualimu na sasa natibu figo. Ndiyo maana nimeamua kuandika. Anayetaka kujua yaliyotokea asome, na asinikatize.

Kwa wasionijua, mimi ni Ndunge, mwalimu wa Jiografia. Kwetu ni Machakos, na nimekaa Amu, ndiyo Lamu ya ramani, miaka kumi na minne. Kila mwaka huwaandikia kidato cha tatu aina nne za amana za madini ya chuma, na jinsi kila aina ilivyotokea. Kwa miaka yote hiyo sikuwahi kushika hata kokoto moja ya madini yenyewe. Jambo hilo halikunikosesha usingizi. Mwalimu wa Historia naye hajawahi kukutana na Mreno.

Amu hadi Manda

Ijumaa, siku ya kwanza ya likizo fupi, nilivuka kwenda uwanja wa ndege wa Manda kuchukua katoni ya vitabu. Ndege ilikuja, katoni haikuja. Nilikuwa nimesimama pale kwenye kivuli cha makuti nikijiuliza nimlalamikie nani, nikamwona mwanamume mwenye koti zito la bara akikagua kila abiria anayeshuka, kama mzazi anayemtafuta mwanawe siku ya kufunga shule. Abiria waliisha. Ukaja mkokoteni wa mizigo. Juu yake kulikuwa na mkoba mmoja wa turubai, umeandikwa jina la mwanajiolojia kutoka Nairobi. Mwanajiolojia mwenyewe hakuwepo. Mizigo ilikuwa imepanda, yeye akabaki.

Mwenye koti alijitambulisha kwangu bila kuulizwa. Alikuwa Bwana Kirimi, afisa wa idara ambayo nitaiacha bila jina, na mwenyekiti wa kamati ya kukagua mlima wa chuma uliogunduliwa Kizingitini, kisiwani Pate. Kamati ilikuwa na watu watano. Wanne walikuwa wametuma udhuru. Wa tano ndiye yeye.

"Nina fomu," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefiwa. "Fomu inataka sahihi ya mtaalamu. Jumatatu iwe mezani kwa mkubwa. Wewe unafanya kazi gani?"

"Nafundisha Jiografia."

"Kuna mawe ndani ya Jiografia?"

"Kidato cha tatu, muhula wa pili."

Akanikabidhi mkoba. "Inatosha."

Nilimwambia ukweli, na nataka mjue kwamba nilimwambia. Nilimwambia Pate ni kisiwa cha matumbawe na mchanga, kichanga sana kwa umri wa dunia, na kwamba milima ya chuma haioti juu ya matumbawe. Akaniwekea mkono begani. "Mwalimu," akasema, "usianze na hapana."

Ningeweza kupanda boti nikarudi zangu nyumbani. Lakini ndani ya mkoba ule mlikuwa na nyundo, sumaku, kioo cha kukuzia na kigae cheupe cha kuchorea mawe. Vitu hivyo nimevichora ubaoni miaka kumi na minne. Nikavishika. Mambo yangu yakaishia hapo.

Manda hadi Mkanda

Boti ya abiria ya Kizingitini ilikuwa imeamriwa kwa simu ipitie Manda kuichukua kamati. Ilipofika, abiria thelathini na kitu waliketi juani muda mrefu wakiisubiri kamati imalize kutafuta choo. Hakuna aliyetusalimu.

Kati ya Manda na bara kuna mlango mwembamba wa bahari uitwao Mkanda, na haupitiki ila maji yakijaa. Nahodha alikuwa amepanga kupita mapema. Kwa sababu yetu hakupita mapema. Tulifika katikati, boti ikakwaruza, ikakohoa, ikaketi juu ya tope, na mikoko ikatutazama kutoka pande zote mbili.

"Mai yamekwenda," nahodha akasema.

"Yatarudi lini?" Bwana Kirimi akauliza.

"Yakitaka."

Bwana Kirimi aliomba kuzungumza na anayehusika. Watu wakacheka, wa kwanza akiwa nahodha, na tangu hapo safari ikawa nyepesi kidogo. Mama aliyeketi karibu nami akafungua kikapu chake akatoa mikate ya mofa na samaki wa kukaanga, akanikatia kipande bila kuniuliza kama nina njaa. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, mikono imejaa makovu madogo madogo. Akaniambia anauza kamba mawe, na kwamba miiba yao haina adabu. Alikuwa akitoka kuwapeleka Amu.

"Na wewe, Mwalimu? Nasikia waja kutuonyesha chuma."

Sasa ukitaka kumjua mwalimu, mkwamishe kwenye tope na umuulize swali la somo lake. Nikaanza. Nikamwambia kwamba zamani, kabla ya samaki wala mti, bahari zilikuwa zimejaa chuma kilichoyeyuka ndani ya maji kama chumvi. Kisha vikatokea vijidudu vidogo vikaanza kutoa hewa safi, na chuma kilipokutana na hewa ile kikapata kutu, kikazama, kikalala chini tabaka juu ya tabaka, jekundu na jeusi, jekundu na jeusi. Hiyo ndiyo aina kubwa kuliko zote.

"Yaani bahari ilipata kutu?"

"Kama bati la jikoni."

Akaguna. "Endelea."

Aina ya pili hutokana na mwamba ulioyeyuka chini ya ardhi. Chuma, kwa uzito wake, hushuka chini mwamba ukipoa, kama mashapo ya kahawa. Ya tatu huletwa na maji ya moto yanayopenya kwenye nyufa na kuacha chuma humo, kama maji yanavyoacha magaga meupe ndani ya birika. Ya nne hutokea juu ya ardhi, pale mvua inapoosha mwamba miaka na miaka ikachukua kila kitu ila chuma, na ndiyo sababu udongo wa sehemu nyingi ni mwekundu.

Boti nzima ilikuwa imegeuka kunisikiliza. Hata nahodha aliacha kupekua simu. Nikajiona nimefika.

"Na haya yetu," yule mama akauliza taratibu, "ni ya ngapi?"

"Mpaka niyaone."

"Eh. Basi utayaona." Akafunga kikapu, akalala. Hakuniambia neno jingine mpaka maji yaliporudi, na mimi sikumuuliza hata jina.

Kizingitini, asubuhi ya mgonjwa

Tuliingia Kizingitini jua likizama, tumelowa, tunanuka tope. Gatini tulipokewa na Athmani. Nilimtambua kabla hajafungua mdomo. Nilimfundisha miaka mingi iliyopita. Alikuwa kijana wa dawati la mbele, mwenye kuandika hata kikohozi changu. Sasa ana ndevu nzuri na faili la plastiki, na ndiye mwakilishi wa wawekezaji ambao hakuna mtu aliyewaona.

"Mwalimu wangu!" akasema, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Macho yake yalikuwa na maji kweli. "Sikujua ni wewe. Mungu mkubwa. Ni wewe uliyenifundisha kuyatambua mawe ya chuma."



Tulilazwa nyumba ya wageni ya shule. Chakula kilikuwa kamba mawe wa kuchoma na wali wa nazi. Bwana Kirimi alimgeuza kamba wake upande mmoja, akamgeuza upande wa pili, akasema hawezi kula kitu kinachomtazama. Akala wali mtupu. Mimi nilikula wangu na wake.

Asubuhi, kabla sijamaliza mahamri, mzee mmoja akaingia ameshika bahasha kubwa ya hospitali. Aliitwa Bwana Lali. Akaketi, akashusha pumzi.

"Nimeambiwa daktari wa mawe amefika."

Nikafikiri ni mmoja wa wenye viwanja vya mlimani. "Karibu, Bwana Lali. Yako wapi mawe yenyewe?"

"Ubavu wa kushoto."

Nikaandika, upande wa kushoto. "Yana muda gani?"

"Tangu Ramadhani."

Hilo lilinishangaza, maana sisi tunahesabu kwa mamilioni ya miaka. "Makubwa?"

"Kama punje ya hindi."

"Na rangi yake? Ni mekundu?"

Akamwangalia Bwana Kirimi kwa aibu, akainama kwangu. "Mawe sijayaona, binti yangu. Ila haja ndogo ndiyo nyekundu."

Bwana Kirimi alikuwa akinakili kila neno kwenye fomu. Ilibidi nimshike mkono. Nilimweleza Bwana Lali kwamba mimi si daktari wa aina hiyo, kwamba damu si jambo la kungoja, na kwamba arudi hospitali leo hii, si kesho. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akakusanya bahasha yake.

"Nitakwenda," akasema. "Lakini kama hukuyajua yangu ambayo yana picha, utayajuaje ya Athmani?"

Akatoka. Niliyaacha mahamri, nikachukua mkoba.

Mlimani

Mlima wenyewe ni tuta la kimo cha mwanamke mrefu. Nimeona majaa Langoni yaliyo marefu kuliko hilo. Lilikuwa kwenye kiwanja chenye minazi, nyuma ya nyumba ndogo, na kiwanja chote kilikuwa kimezungushwa seng'enge na kibao: MALI YA MRADI, USIINGIE. Ndani ya seng'enge kulikuwa na kisima. Nje ya seng'enge, ameketi juu ya ndoo aliyoifudikiza, alikuwa mama wa mikate ya mofa.

"Huyu ni shangazi yangu, Bi Mwanaesha," Athmani akasema. "Kiwanja ni chake. Ametoa kwa ajili ya maendeleo."

"Mbona hukuniambia kule Mkanda?" nikamuuliza.

"Hukuniuliza."

Kwa miezi miwili alikuwa akiteka maji kwa jirani, kisima chake akikiona. Athmani alisema ni kwa usalama wa amana. Fomu ikitiwa sahihi, kiwanja kingekuwa mikononi mwa mradi moja kwa moja, minazi ingekatwa, na Bi Mwanaesha angehamishiwa mahali ambapo bado hapajatajwa. Haya Athmani aliyaeleza kwa furaha safi. Hakuwa tapeli, na hilo ndilo lililoniumiza. Alikuwa ameamini. Vijana kama hamsini walikuwa wamesimama nyuma yake, wengine wameacha kwenda baharini siku hiyo, na wao pia walikuwa wameamini.

Kisha akafungua faili, akatoa karatasi iliyofifia. Zilikuwa nukuu zangu, kwa mwandiko wake. "Hematiti: jiwe zito, jekundu, likichorwa kwenye kigae huacha rangi ya damu iliyokauka." Niliiandika ubaoni sentensi hiyo mwenyewe, kwa chaki.

Nikachukua jiwe. Lilikuwa zito kweli. Lilikuwa jekundu kweli. Nikalichora kwenye kigae, likaacha mstari wa rangi ya damu iliyokauka. Bwana Kirimi akapiga kelele, "Hematiti!" kama aliyelijua neno hilo tangu utotoni, na vijana wakashangilia. Athmani alikuwa anacheka na kulia pamoja.

Ningeweza kuishia pale. Mkono wa kutia sahihi nilikuwa nao. Lakini nyundo nayo nilikuwa nayo, na nilikuwa nimeitamani miaka kumi na minne. Nikalipiga jiwe.

Ndani halikuwa jekundu hata kidogo. Wekundu ulikuwa kutu ya juu tu. Ndani lilikuwa jeusi, linang'aa kama kioo, limejaa vitundu kama andazi lililoumuka. Nikavunja jingine. Vitundu. La tatu lilikuwa limechuruzika likagandia, kama nta ya mshumaa, na katikati yake mlinaswa kipande cha mkaa. Mkaa wa kuni, jamani, kama ule wa jikoni kwangu. Nikachimba kidogo kwa mkono pembeni ya tuta, nikatoa kipande cha mrija wa udongo uliochomwa, mwisho wake mmoja umeyeyuka. Ule ni mrija wa kupitishia upepo wa mivukuto kwenye tanuri.

Hakuna bahari ya kale iliyoacha mkaa ndani ya jiwe. Hakuna maji ya moto yaliyofinyanga mrija. Watu walikaa hapa, wakawasha tanuri, wakayeyusha chuma chao, wakakitoa wakaenda nacho, na huu uliobaki ulikuwa uchafu wao.

"Bi Mwanaesha," nikaita. "Wazee waliyaitaje mawe haya?"

Akasimama kutoka kwenye ndoo. "Bibi yangu aliyaita mavi ya chuma."

Akanyoosha kidole kwa mpwa wake.

"Nilimwambia Athmani. Akanambia bibi hakusoma."

Kijana mmoja akacheka, kisha wengi wakacheka, kisha wakaona uso wa Athmani, wakaacha mmoja mmoja. Alikuwa ameshika ile karatasi kwa mikono miwili.

"Lakini Mwalimu," akasema, "ni wewe uliyeandika. Zito, jekundu. Rangi ya damu. Ni wewe."

Mbele ya watu wote wale nilijua kwamba ninaweza kumlaumu. Ningesema hakusikiliza vizuri. Walimu tunajua kusema hivyo.

"Ni mimi," nikasema. "Niliandika kitu ambacho sijawahi kukiona. Wewe ulisikiliza vizuri. Mimi ndiye niliyefundisha nusu."

Aliikunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni, akaondoka akipita katikati ya watu, nao wakampisha.

Bi Mwanaesha hakungoja hotuba. Aliinua seng'enge kwa mguu mmoja, akapita na ndoo yake, akaenda kisimani. Tulisikia ndoo ikigonga maji.

Ikabaki fomu. Chini ya "Asili ya amana" kulikuwa na zile aina nne za kutiwa tiki, na ya tano: "Nyinginezo, eleza." Nikaandika, mavi ya chuma. Bwana Kirimi akaipokea, akaisoma, akapauka.

"Mwalimu, siwezi kupeleka mavi kwa mkubwa."

"Ndilo jina lake."

"Ofisini hatuna mahali pa mavi."

Alifuta, akafikiri, akauma kalamu. Mwishowe akaandika "masalia ya shughuli za awali za viwanda," akaisoma kwa sauti, na uso wake ukaanza kupata rangi. Akaisoma tena. "Unajua, Mwalimu," akasema, "hii ni kubwa kuliko chuma. Hii inahitaji kamati ya watu kumi na mmoja."

Kurudi Amu

Jumapili boti iliondoka kwa wakati, kwa kuwa kamati ilikuwa imefika gatini alfajiri kwa hofu ya tope. Athmani hakuja kutuaga. Bi Mwanaesha alikuja na kifurushi cha samaki mkavu. Nikamuuliza kama amemkasirikia mpwa wake.

"Kwa nini nimkasirikie? Seng'enge ameing'oa mwenyewe usiku. Asubuhi nimekuta imekunjwa mlangoni." Akafikiri kidogo. "Nitafugia kuku."

Bwana Lali alikuwa ndani ya boti, na bahasha yake, akienda hospitali. Alinisalimu kwa jina la daktari, na mpaka Amu hakuacha.

Mkanda tulipita maji yamejaa bila kukwaruza popote. Nilikuwa na mkoba wa mwanajiolojia, ambao hakuna aliyekuja kuuchukua, na kipande kimoja cha lile jiwe mfukoni, na Jumatatu nilikipitisha kidato cha tatu, dawati kwa dawati. Nikawaambia yote, na ya kwangu pia. Msichana mmoja akauliza, sasa wazee hao walitoa wapi mawe ya kuyeyusha, ikiwa Pate ni matumbawe matupu? Nikamwambia sijui. Darasa likashtuka, maana hawajawahi kunisikia nikilisema neno hilo.

Hapo ndipo kisa kilipoishia kila nilipokieleza, mpaka jana. Jana, katikati ya kipindi, mlango ulibishwa. Alikuwa Athmani. Ndevu hazikuchanwa, viatu vimejaa mchanga, na mkononi alikuwa na mkebe wa maziwa ya unga. Hakuniangalia usoni. Aliomba ruhusa ya kuingia kama wanavyoomba waliochelewa, nikampa, akaenda mpaka meza yangu akamwaga mkebe juu ya karatasi.

Ulikuwa mchanga. Mweusi, laini, mzito, unameta.

"Nimezunguka pwani siku mbili nikitafuta chuma cha wazee kilitoka wapi," akasema. "Uko kwa mistari myembamba, pale wimbi linapoishia. Wimbi huchukua mweupe kwa kuwa ni mwepesi, likauacha huu."

Akatoa sumaku aliyoing'oa kwenye spika ya redio kuukuu, akaishusha taratibu juu ya karatasi. Mchanga ukasimama. Ukaruka, ukajikusanya kwenye sumaku kama manyoya, na wanafunzi wote wakaacha madawati yao wakaja mbele bila kuniuliza.

"Mwalimu," Athmani akasema, na sasa aliniangalia, "hii ni aina ya ngapi?"

Ubaoni nyuma yangu zilikuwa zimeandikwa aina nne, na hakuna iliyotaja mchanga. Nikamsogezea kiti, nikachukua kioo cha kukuzia, nikainama karibu naye tuutazame.